Sifuri Niliyoipuuza Mgogoni

Wanangu mnaoingia kazi hii, sanduku lenyewe si kubwa. Ukilishika mkononi utadhani kopo la maziwa ya unga lililobanwa likawa bapa. Lina matundu ya nyaya upande mmoja, kiantena upande wa pili, na taa tatu za kijani zinazokonyeza. Waliotuletea waliliita getiwei. Mzee mmoja wa Micheweni alipokuja kuuliza tunafunga nini kwenye kibanda cha pampu, nilimwambia ni mkalimani. Mita za maji zina lugha yao ya zamani, inapita kwenye nyaya mbili nyembamba. Kompyuta za ofisini zina lugha nyengine, inapita hewani kwa laini ya simu. Sanduku linakaa katikati, linauliza huku, linajibu kule. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema basi tumchunge mkalimani wetu asiwe muongo. Nilicheka, nikaendelea kukaza skrubu.

Jina langu Mize, na kwa miaka mingi nilikuwa mwanamke peke yangu katika mafundi wa mradi wetu wa maji. Sasa nimestaafu, nakaa Madungu, na wenzangu waliobaki wameniomba niwaandikie namna ya kuyapanga masanduku haya. Vitabu vyake mnavyo, tena vizuri kuliko vyetu. Mie nitawaandikia yale ambayo kitabu hakikunambia. Mengine ni ya kuchekesha. Moja si la kuchekesha, kwa sababu kuna mtu aliumia kwa mkono wangu, na sitaki mulisikie kwa watu.

Kazi niliianzia kwenye simu za waya. Aliyenifundisha ni Fundi Bakar, Mungu amrehemu, mtu mfupi wa sauti ndogo aliyetembea na bisibisi moja tu kwenye mfuko wa shati. Siku moja nilimaliza kuunganisha laini ya mteja, nikajaribu, nikasikia mlio, nikaanza kukusanya vyombo. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia kazi imekwisha, laini inalia. Akasema inalia huku, na kule je? Basi nikatembea kwa miguu na jua la saa saba mpaka nyumbani kwa mteja, nikanyanyua mkono wa simu. Kimya. Waya mmoja ulikuwa umechomoka kwenye kisanduku cha ukutani. Niliporudi nimeloa jasho alikuwa anakunywa chai, akanimiminia na mie kikombe. Tangu siku hiyo sikuwahi kuondoka pahala bila ya kwenda kusikiliza upande wa pili. Au ndivyo nilivyokuwa nikijidhania.

Masanduku yalipokuja, Fundi Bakar alikwisha kustaafu. Tulijifunza wenyewe kwa kukosea. Kosa la kwanza la kila fundi ni la namba. Kila kifaa kilichofungwa kwenye zile nyaya mbili kina namba yake: mita ya maji, kipimo cha tangi, mita ya umeme. Lakini vyote hutoka kiwandani vimepewa namba moja, na usipovibadilisha, sanduku likiita namba moja vinajibu vyote kwa pamoja na hupati ila fujo. Ni kama kuingia darasa lolote la skuli hapa Pemba ukaita "Hamad". Nilipoteza siku mbili nikibadilisha nyaya na kulaumu jua kabla sijafikiria kuangalia namba. Kwa hivyo fungeni kifaa kimoja kimoja, kipeni namba yake, kiandikeni kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa kabati, ndipo mfunge cha pili. Na kalamu iwe ya wino usiofutika, maana kule Micheweni upepo wa chumvi unakula hata shaba, seuze maandishi. Mjusi naye msimsahau. Tundu lolote la waya lisilozibwa atataga humo.

Kosa la pili ni la kujifungia nje. Nilikaa ofisini Madungu, kiyoyozi kinapuliza, nikaingia kwenye sanduku la Micheweni kwa kompyuta nikitaka kupanga anwani vizuri. Nikabadilisha anwani ya njia ile ile niliyokuwa nikiingilia, nikabonyeza hifadhi. Skrini ikatulia. Sanduku lilikuwa zima kabisa, lakini mlango wangu nilikuwa nimeuondoa mwenyewe. Ikabidi nende. Kufika, ufunguo wa kibanda anao Bi Tatu, aliyekabidhiwa pampu ya pale, na Bi Tatu yuko baharini kwenye mwani wake, maji yamekupwa mbali, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Nilikaa kwenye jiwe tangu saa nne mpaka maji yalipomrudisha. Kazi ilikuwa ya dakika mbili. Bi Tatu aliniuliza kwa nini sikumwita kwa simu, nikamwambia simu yake inaita humu ndani ya kibanda. Tukacheka sote wawili. Kwa hivyo, mkiwa mbali, msiiguse njia mnayoipitia. Na mkilazimika, lipangeni kwanza sanduku lijirudishe lenyewe kwenye mpango wa zamani iwapo hamkulithibitishia baada ya dakika kumi. Masanduku ya siku hizi yanajua kufanya hivyo. Ya kwetu hayakujua.

Sasa nije Mgogoni.

Mgogoni walichimbiwa kisima kirefu, wakawekewa pampu kubwa na tangi juu ya kilima. Mwendesha pampu alikuwa Mzee Shaame, mtu wa makamo ya sitini hivi, mkulima, mwenye daftari la skuli aliloandika kila siku saa aliyowasha na saa aliyozima. Aliwasha saa kumi na mbili asubuhi, akazima saa tisa. Siku niliyokwenda kumfungia sanduku alinitolea kigoda na sahani ya majimbi ya kuchemsha, akanambia yeye pampu anaijua kwa masikio: ikivuta maji inanguruma chini, ikivuta hewa inalia juu. Nilimwona mtu wa zamani. Nilimpenda, lakini nilimwona mtu wa zamani.

Hapa lazima niwaeleze kidogo. Mita za vituo vyetu zilihesabu lita za siku, zikaanza upya kila usiku. Ndani yake hesabu huwekwa kwenye vyumba vidogo, tunaviita rejista, na rejista moja haibebi zaidi ya sitini na tano elfu na ushei. Hesabu ikizidi hapo, rejista ya kwanza inarudi sifuri inaanza tena, na rejista ya pili inaandika kwamba mzunguko mmoja umepita. Ni kama mtu anayevuta uradi kwa tasbihi. Shanga zikimalizika anaanza upya, na kila mzunguko anakunja kidole. Ukitaka kujua amesoma mara ngapi, uangalie shanga na uangalie vidole.

Kitabu cha mita kilisema nisome rejista zote mbili. Nilipofunga la Micheweni, ambalo lilikuwa la kwanza, nilizisoma zote mbili. Ya kwanza ilileta lita. Ya pili ilileta sifuri. Kesho yake sifuri. Wiki ya pili sifuri. Pampu ya Micheweni ni ndogo, kwa siku nzima haifiki hata elfu arubaini. Sanduku lilikuwa na nafasi chache za kupelekea habari, nami nilitaka kuingiza kipimo cha tangi, basi nikaona hii sifuri inakaa bure, nikaifuta. Kila kitu kikaenda sawa. Nilijiona mjanja.

Mgogoni sikupanga upya. Nilichukua faili la mipango la Micheweni, nikalimimina kwenye sanduku la Mgogoni, nikabadilisha jina na laini ya simu. Kisha, kwa kumkumbuka Fundi Bakar, nikamuomba Mzee Shaame anisaidie kunyanyua mfuniko wa zege wa shimo la mita. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Uso wa mita ulisoma elfu thelathini na kidogo. Skrini yangu ilisoma vile vile, lita kwa lita. Tukaurudisha mfuniko, nikatia kufuli, ufunguo nikaondoka nao. Nilijua nimesikiliza upande wa pili.

Baada ya miezi michache maji yakaanza kukata nyumba za juu za Mgogoni. Wanawake wakarudi kwenye kisima cha zamani bondeni, ndoo kichwani, mlima wote. Malalamiko yakafika kwa sheha, sheha akaja ofisini. Mkubwa wetu, Injinia Haji, akafungua ripoti. Kila asubuhi kompyuta ilituletea jumla ya siku iliyopita, na jumla ya Mgogoni ilikuwa elfu ishirini na nne, ishirini na tano, ishirini na tatu. Pampu kubwa vile, kwa saa tisa, ilipaswa kutoa elfu tisini. Injinia akapiga hesabu kwenye kipande cha karatasi, akasema mtu huyu anawasha pampu kwa saa mbili na nusu tu, anakwenda shambani kwake, kisha anaandika tisa.

Ukaitwa mkutano skuli ya Mgogoni, Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Watu walijaa mpaka barazani. Injinia akasoma namba. Mzee Shaame akasimama na daftari lake, akasema yeye anawasha akishasali alfajiri, anazima saa tisa, na majirani wanaisikia pampu. Majirani wengine wakaitikia kwamba kweli wanaisikia. Mtu mmoja nyuma akasema ngurumo si maji. Watu wakanong'ona. Ndipo sheha akanigeukia mimi.

"Bi Mize, wewe ndiye uliyelifunga hilo sanduku. Una hakika nalo?"

Nilisimama. Nakumbuka nilivyoinyosha baibui yangu kabla sijasema. Nilikuwa nimezoea kusimama mbele ya wanaume wanaongoja niseme sina hakika, nikajizoesha kutolisema neno hilo hata kidogo.

"Nina hakika," nilisema. "Nimelilinganisha na mita kwa macho yangu, na Mzee Shaame mwenyewe alikuwepo. Na lile la Micheweni limepangwa vile vile, halijakosea hata siku moja."

Mzee Shaame aliniangalia, kisha akalifunga daftari lake. Kabla ya magharibi alikwisha kukabidhi ufunguo wa kibanda.

Akawekwa mtu mwengine, na ofisi ikangoja namba zipande. Hazikupanda. Elfu ishirini na nne. Elfu ishirini na tano. Injinia akasema Mgogoni wote wavivu. Yule mpya naye akaapa anawasha kutwa, na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu alisema maneno yale yale ya yule wa kwanza. Mie sikusema kitu, ila nililala vibaya. Watu wawili wasioshauriana kwa lolote hawawezi kuiba saa zile zile.

Lililonifungua macho ni umeme kukatika. Asubuhi moja nilikuwa napitia kumbukumbu za masanduku, nikaona la Mgogoni lilinyamaza jana yake kwa saa tatu nzima. Umeme ulikatika kule tangu alfajiri. Maana yake pampu haikuwaka mpaka saa tatu. Nikatazama jumla ya siku hiyo, nikidhani nitakuta kidogo zaidi. Ilikuwa elfu sitini.

Nikaisoma tena. Siku ambayo pampu ilifanya kazi kidogo ndiyo siku iliyotoa maji mengi. Nikarudi nyuma kwenye ripoti, nikatafuta siku nyengine ambazo sanduku lilinyamaza. Kila penye umeme kukatika, namba ilikuwa kubwa. Kila penye kutwa nzima, ndogo. Mtu alivyozidi kufanya kazi, ndivyo sisi tulivyozidi kumwona mvivu.

Sikuondoka kwenye kiti. Sisi tulikuwa tukiangalia jumla ya asubuhi tu, hakuna aliyekuwa na haja ya kuikodolea macho namba ikipanda. Siku hiyo niliikodolea. Saa sita mchana ilikuwa elfu sitini na kitu. Nikaacha chai ikapoa. Ikafika sitini na nne, sitini na tano, sitini na tano elfu na mia tano. Kisha nikaiona ikiandika kumi na mbili. Lita kumi na mbili, kama kwamba pampu ndiyo kwanza imewashwa.

Nilijua papo hapo. Sikuhitaji kitabu. Mie niliangalia shanga nikafuta vidole, na ile saa tatu asubuhi niliyokwenda kulinganisha, shanga zilikuwa hazijamalizika. Kama ningelinganisha saa tisa alasiri ningeliona. Nililinganisha saa iliyonifaa mimi.

Wanangu, hapa ndipo ninapotaka mushike. Kulinganisha mara moja si kulinganisha. Linganisheni asubuhi, linganisheni kabla ya kuzima, linganisheni siku ambayo pampu imefanya kazi kupita kawaida yake. Na kitu kikiwa sifuri msikione hakina kazi. Ulizeni kimewekwa pale kingoje nini. Mkinakili mipango ya kituo kimoja kupeleka chengine, kaeni muisome mstari kwa mstari mbele ya mashine ile mpya, kwa sababu faili halijui kwamba pampu imekuwa kubwa.

Kurekebisha kulikuwa robo saa. Niliirudisha rejista ya pili kwa kompyuta, bila hata ya kutoka Madungu, na kesho yake Mgogoni ikaandika elfu tisini na moja. Nikaichapisha ile karatasi nikaenda nayo kwa Injinia Haji. Aliisoma, akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Akanishauri tuandike barua kwamba mtambo ulikuwa na hitilafu na sasa umetengenezwa, na Mzee Shaame arudishwe kazini kimyakimya. Akanambia niangalie hali yangu, mwanamke peke yangu, watu watasema nini. Nilimwambia nitafikiri. Kusema kweli nilitaka sana kukubali.

Nilikwenda kwa Mzee Shaame siku ya pili yake. Nilimkuta uani, mkewe Bi Hidaya anapepeta mchele. Nikapiga hodi, nikatoa salamu, nikaamkia. Wakanikaribisha, nikaletewa mkeka. Nikawaeleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi, mpaka vidole na shanga. Sikusema mtambo. Nilisema mimi.

Mzee Shaame alisikiliza akiwa ameinamia mikono yake. Nilipomaliza, wa kwanza kusema alikuwa Bi Hidaya, na hakuacha kupepeta.

"Miezi miwili nakwenda kisimani wenzangu wananipa mgongo," alisema. "Wananambia mumeo katutia mlimani. Mwanangu wa kike kaja kuposwa, wakarudi nyuma. Wewe ulikuwa unalala?"

Nikamwambia kwa haki nilikuwa silali, lakini hilo halikumsaidia yeye kitu. Nikamuuliza Mzee Shaame anataka nifanye nini, nikamwambia ofisi iko tayari kumrudisha hata kesho.

"Mie sikufukuzwa ofisini," alisema. "Mie nilivuliwa nguo skuli, mbele ya watu. Na aliyenivua si Injinia. Injinia alisoma karatasi. Ulisimama wewe ukasema una hakika. Basi rudi pale pale, wawepo wale wale, useme."

Jumamosi iliyofuata sheha aliita watu tena. Injinia alikuja, akakaa mbele, na barua yake mfukoni. Nilisimama nikaanza kwa kusema kwamba sanduku lilikuwa na... na hapo maneno yakasimama. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Neno moja tu, hitilafu, na wote wangetikisa vichwa, kwa sababu kila mtu anajua mashine huharibika. Mzee Shaame alikuwa mstari wa tatu, karibu na dirisha. Hakuwa akiniangalia. Alikuwa akiangalia sakafu, kama mtu aliyekwisha jua atakachokisikia.

Nikasema, "Sanduku halikuwa na kosa. Lilifanya nililoliamrisha. Mimi ndiye niliyelipanga vibaya, na mimi ndiye niliyesimama hapa nikasema nina hakika. Mzee Shaame alisema kweli tangu mwanzo, na daftari lake ni sahihi kila ukurasa. Namuomba radhi mbele yenu."

Hakuna aliyepiga kelele. Nikasikia mtoto mmoja barazani akimuuliza mamaake nimesema nini. Kisha bibi mmoja mkongwe akauliza kutoka upande wa wanawake: sasa hilo sanduku watalisadiki vipi? Nikamwambia wasilisadiki peke yake. Mwendesha pampu aandike lake na sanduku liandike lake, na ufunguo wa shimo la mita ukae kwa mwendesha pampu, usikae Madungu. Kila siku kabla ya kuzima anyanyue mfuniko asome mwenyewe. Siku wakitofautiana, asiitwe mtu mkutanoni. Aitwe fundi.

Injinia Haji aliinuka baada yangu. Barua haikutoka mfukoni. Alisema na yeye alikosea, alipiga hesabu kabla ya kwenda kusikiliza pampu. Sikumtarajia, na nilimheshimu kwa hilo mpaka alipohamishwa Unguja.

Lililobaki lilikuwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza miezi yote ile: ikiwa pampu inatoa elfu tisini, mbona kilimani hayafiki? Tulipokuwa tukiamini maji hayatoki, hakuna aliyeyatafuta yanakokwenda. Mzee Shaame ndiye aliyetuongoza. Tulifuata bomba kwa miguu kutoka kisimani, yeye mbele, mpaka penye bonde, kwenye shamba la mtu ambaye majimbi yake mwaka ule yalikuwa na majani kama miavuli. Mwenye shamba alikuwa akimshukuru Mungu kwa kheri ile, na wala hatukumlaumu. Tukachimba, tukakuta kiungo kimeachia chini ya tope, maji yanabubujika. Siku ya tatu nyumba za juu walifungua mifereji, maji yakatoka. Bi Hidaya nilimwona akijaza ndoo mlangoni kwake, jirani yake kasimama pembeni wanazungumza. Hakuniita. Nikapita.

Najua mtaniuliza kama nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo kwenye kabati. Na yale ya watu watasema nini, walisema. Walisema mwaka mzima. Nilipokwenda kituo chengine chochote, mtu aliuliza kwa upole kama hilo sanduku langu linajua kuhesabu. Nilikuwa nikijibu siku hizi linajua, lakini naomba unisaidie kunyanyua mfuniko. Nikanyanyua mifuniko ya vituo vyote, kimoja kimoja, alasiri, kabla ya kuzima. Nilikuta viwili vyengine vyenye sifuri niliyoifuta, ambavyo Mungu alivisitiri tu kwa kuwa pampu zake zilikuwa bado hazijakimbizwa kutwa nzima.

Yule binti aliposwa tena baadaye, na watu wengine, kwa kheri zaidi. Nilialikwa kwa kadi. Nilikwenda nikakaa nyuma.

Mzee Shaame alirudi kwenye pampu, akaifanya kazi ile miaka mingine mingi. Nilikuwa nikifika kwake kila baada ya miezi kadhaa kuangalia mipango na kubadilisha neno la siri. Zamani nilipofika alinipa kigoda akenda zake kuendelea na shughuli, akaniacha na kabati langu. Baada ya mambo yale kigoda alinipa, chai alinipa, lakini hakuenda popote. Alisimama nyuma ya bega langu tangu nafungua kabati mpaka nafunga, mikono nyuma, anaangalia skrini asiyoisoma. Sikuudhika. Nilimgeuzia kompyuta aone namba, nikamtajia kwa sauti. Yeye akachutama, akanyanyua mfuniko wa zege mwenyewe, akasoma uso wa mita taratibu, tarakimu moja moja, kisha akainuka na kujipangusa magoti.

"Haya, Bi Mize," husema. "Leo sawa."

Kila mara alisema leo. Mpaka ninastaafu hakuwahi kunipa zaidi ya hiyo siku moja, na mie sikuwahi kumuomba.